Kuhakikisha kama mdudu wa kwenye droo ni taipu kweli

Kibandiko chekundu chenye neno "Type" hakitoshi. Ninamwelekeza mwanafunzi wa uzamili anayepekua droo za mbawakawa pale Museum Hill, kwenye makumbusho ya Nairobi, na kila akiona wekundu anataka kuandika "holotaipu", yaani taipu moja pekee ya spishi. Taipu ni mdudu yuleyule aliyetumiwa na mwandishi alipoipa spishi jina. Aliyebandika karatasi nyekundu huenda ni mtu mwingine kabisa, miaka mingi baadaye, akikisia.

1. Picha. Mpige picha mdudu na lebo zote, mbele na nyuma, ukitunza mpangilio wake kwenye pini. Pini ya zamani yenye kutu ya kijani usiizungushe.

2. Maelezo ya kwanza. Si katalogi, si tasnifu: tafuta ukurasa wenyewe ambapo jina lilichapishwa mara ya kwanza. Biodiversity Heritage Library, maktaba ya mtandaoni ya vitabu na majarida ya zamani ya viumbe, ni bure, na mimi huanzia hapo kabla ya kumsumbua mtu yeyote kwa barua pepe.

3. Linganisha lebo na maandishi. Hapa ndipo siku huishia. Anza na mwaka. Kama jina lilichapishwa 1908 na lebo inasema mdudu alikamatwa 1911, mjadala umekwisha. Mwezi huwa kwa namba za Kirumi, kwa hiyo 4.x ni Oktoba. Kisha jinsia, urefu, jina la aliyemkamata.

Halafu mahali, na hapo kuna mitego. Usimkatae mdudu kwa sababu lebo inasema "Uganda" na wewe unajua Naivasha iko Kenya: hadi 1902 Naivasha ilikuwa upande wa Uganda. "British East Africa" ni ya kabla ya 1920. Baada ya hapo ni "Kenya Colony". Port Florence ni Kisumu, Fort Hall ni Murang'a, Thomson's Falls ni Nyahururu. Lakini usikimbilie kumkubali pia. "Kilimanjaro" peke yake ni mlima mzima, na watu wengi waliupanda wakiwa na nyavu.

Lebo ya "Coryndon Museum", jina la zamani la makumbusho ya Nairobi, nayo huwachanganya wengi. Jumba hilo lilifunguliwa 1930, kwa hiyo kwenye mdudu aliyeelezwa 1912 lebo hiyo imeongezwa baadaye. Haimwondolei utaipu, inakuambia tu kwamba kuna mtu amewahi kuzigusa lebo, basi angalia kama zote ni zake.

Mwisho, hakikisha jina lenyewe lilichapishwa. Kuna wadudu wameandikiwa "sp. n., Type" (yaani spishi mpya, taipu) kwa mwandiko mzuri wa bingwa ambaye hakuwahi kulichapisha jina hilo. Huyo si taipu ya chochote.

4. Taipu ya namna gani? Mwandishi akisema wazi kwamba alikuwa na mdudu mmoja tu, au akimtaja mmoja kuwa ndiye taipu, hiyo ni holotaipu. Kwa majina ya kabla ya 2000, kama kuna uwezekano alikuwa na zaidi ya mmoja na hakuchagua, wachukulie wote kuwa sintaipu, yaani taipu kwa pamoja. Kuteua lektotaipu, yaani kumchagua baadaye mmoja kati ya sintaipu awe taipu pekee, ili droo ionekane nadhifu ni tabia nisiyoipenda hata kidogo. Hiyo ni kazi ya anayepitia kundi zima na kuchapisha, tena baada ya kuuliza sintaipu wenzake wako kwenye makumbusho gani. Waliokusanywa na Wafaransa Alluaud na Jeannel mwaka 1911 na 1912, ulizia Paris. Wa msafara wa Msweden Sjöstedt wa Kilimanjaro na Meru, Stockholm. Kwa London, vibandiko vya duara husaidia: ukingo mwekundu ni holotaipu, wa manjano parataipu (wadudu wengine ambao mwandishi aliwatumia pamoja na holotaipu), wa buluu sintaipu, wa zambarau lektotaipu. Hivyo navyo hupitia hatua ya tatu.

5. Lebo yako. Iweke chini ya zote, kwa wino usiofutika: uamuzi wako, jina lako, mwaka. Lebo ya zamani haiondolewi hata ikiwa na kosa.