Pipa la kung'arishia mawe: lijaze theluthi mbili

Ukijitengenezea pipa la kuzungusha mawe kwa bomba la PVC la inchi 4 na mota ndogo, jaza mawe hadi theluthi mbili, makubwa kwa madogo, kisha maji yafike chini kidogo ya usawa wa mawe. Kwa ujazo huo mawe yanateleza taratibu, jiwe juu ya jiwe, na unga wa msasa unayasugua sawasawa. Yakiwa machache yanapanda juu na kudondoka, yanagongana na kupata nyufa ndogo za umbo la mwezi mchanga ambazo hatua ya mwisho ya kung'arisha haizifuti. Tumia sikio: unataka mchakacho wa mfululizo, ukisikia ko-ko-ko, ongeza mawe. Kipande cha tyubu ya gari kikibandikwa ndani kinapunguza kelele pia. Ujazo hautakusaidia ukichanganya akiki, yenye ugumu wa karibu 7 kwenye kipimo cha Mohs, na kalsaiti yenye 3: laini litaliwa. Wala usipoosha pipa na mawe kabla ya kutoka msasa namba 220 kwenda 500 ulio laini zaidi, maana chembe chache zilizobaki zinachora mzigo mzima. Na tope lake usimwage kwenye sinki, linaganda na kuziba bomba.