SOMO: Jinsi ya kushusha faili kwa torenti bila kulia na bando (kwa wanaoanza)

Wakuu, salaam. Maswali ya torenti yamekuwa mengi na majibu yanatolewa nusunusu, kwa hiyo leo nayaweka pamoja. Nitatumia programu ya qBittorrent kwenye Windows, na faili la majaribio ni Debian, mfumo endeshi wa bure ambao wenyewe wanauweka kwenye torenti makusudi ili watu wagawane. Anayetaka orodha ya saiti za muvi atanisamehe, sio somo la leo.

Tuanze na kinachotokea humo ndani, maana wengi wanaosema "programu mbovu" hawajui inafanya nini. Ukishusha faili kwa Chrome unachota kwenye seva moja. Ikizidiwa na watu, wote mnakwenda polepole. Mwaka 2001 Mmarekani Bram Cohen alitoa BitTorrent, ndiyo njia hii tunayoiita torenti, inayokata faili vipande vidogovidogo. Chukulia mhadhiri ameacha nakala moja tu ya kitini steshenari, na darasa lina watu mia. Badala ya wote kupanga foleni kwa kitini kizima, kila mmoja anatoa kopi ya kurasa chache, kisha mnakopishana wenyewe kwa wenyewe. Mwenye ukurasa wa 40 anaugawa huku yeye anatafuta wa 12. Darasa likiwa kubwa kazi inaenda haraka zaidi, wakati kwenye seva moja watu wakizidi ndio mnakwama.

Kila kipande kina alama yake ya hesabu, inaitwa heshi. Kikifika, programu inapiga hesabu upya. Isipolingana, kinatupwa na kuombwa tena kwa mtu mwingine. Hapo ndipo torenti inapotufaa sisi wa umeme wa kukatika na mtandao wa kusuasua: kilichofika kimefika, hurudi sifuri.

Hatua ya 1. Pakua qBittorrent kwenye tovuti yao wenyewe, qbittorrent.org. Usiandike jina Google ukabonyeza tangazo la juu kabisa. Ni ya bure, haina matangazo, na msimbo wake uko wazi. Wakongwe mtasema mbona sio uTorrent, programu nyingine ya kazi hiihii. Ilikuwa nyepesi sana zamani, lakini baadaye ikajaa matangazo, na mwaka 2015 watumiaji walilalamika kwamba ilikuja imefungashwa na Epic Scale, programu ya kuchimba sarafu za kidijitali kwa kutumia kompyuta yako. Mimi siipendekezi kwa anayeanza.

Hatua ya 2. KABLA hujafungua torenti yoyote, dhibiti kinachotoka. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu hapa ndipo bando linapofia. Programu inapokea na kutoa kwa wakati mmoja, na kampuni ya simu inakata MB za pande zote mbili. Nenda Tools, kisha Options, kisha Speed. Kwenye Upload usiache sifuri, maana sifuri pale ni "bila kikomo". Weka 20. Hiyo ni KiB 20 (karibu sawa na KB 20) kwa sekunde, ambayo kwa saa moja ni kama MB 70. Inaonekana kidogo, lakini kompyuta ikikesha na kushinda inatoa, kwa siku nzima ni zaidi ya GB 1.6. Kwa hiyo nenda pia kwenye BitTorrent, tafuta palipoandikwa When ratio reaches, weka tiki, andika 1, na uchague isimame ikifika hapo. Maana yake ukishatoa kiasi kilekile ulichopokea, inajizima yenyewe.

Halafu kuna mtego mwingine: ukibonyeza ule msalaba mwekundu juu, mara nyingi programu haifungi, inajificha pembeni mwa saa kule chini na inaendelea na kazi. Ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague Exit.

Hatua ya 3. Nenda debian.org, tafuta toleo dogo la netinst, na uchague njia ya BitTorrent. Utapata kifaili chenye mwisho wa .torrent cha KB chache tu. Msishangae udogo. Ndani yake hamna Debian, mna orodha tu: majina, ukubwa, heshi za vipande, na anwani ya traka, yaani kompyuta inayokuambia nani mwingine analo faili hilo. Saiti nyingine hukupa kiungo cha magneti badala ya kifaili. Hicho kimebeba heshi, na orodha yenyewe programu inaiomba kwa wenzako.

Hatua ya 4. Fungua kifaili. Kabla ya kukubali, dirisha litakuonyesha ukubwa, mahali pa kuhifadhi na faili zilizomo. Soma! Kama torenti ina masomo 30 na wewe unataka matatu, ondoa tiki kwenye mengine. Kuna watu wameshusha GB 15 kwa ajili ya PDF moja.

Hatua ya 5. Angalia safu mbili. Seeds ni wenye faili zima, Peers ni mnaoendelea kushusha. Vipande havifuati mpangilio wa mwanzo hadi mwisho, programu hutanguliza vile adimu ili visipotee mwenye navyo akiondoka. Ndiyo maana video iliyofika asilimia 60 inaweza kugoma kabisa kufunguka. Subiri imalize.

Basi. Maswali niliyoulizwa nayapanga hapa chini na majibu yake.

Swali: Mkuu, kwangu inaandika "Downloading metadata" tangu asubuhi, sifuri juu ya sifuri. Natumia hotspoti ya simu.

Jibu: Umefungua magneti, na hajapatikana hata mtu mmoja wa kukupa ile orodha. Ama torenti ni ya zamani na wenye faili wameshaondoka, ama mtandao unabana. Jaribu ile ya Debian. Ikishuka, tatizo ni torenti yako, tafuta nyingine. Isiposhuka, tatizo ni mtandao. Halafu mitandao mingi ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP (namba inayokutambulisha mtandaoni), kwa hiyo wewe unaweza kumpigia mwenzako lakini yeye hawezi kukupigia. Wote wawili mkiwa hivyo mara nyingi hamuonani.

Swali: Imefika 97.4 ikaganda. Siku ya pili sasa.

Jibu: Bonyeza torenti hiyo, chini kwenye General soma palipoandikwa Availability. Ikiwa chini ya 1, kuna kipande ambacho hakuna hata mmoja kati yenu anacho. Wote mmeganda 97.4, mnasubiri mtu mmoja awashe kompyuta yake. Unaweza kuiacha iendelee kusubiri au kuachana nayo, kuongeza kasi hakusaidii kitu.

Swali: Nilikuwa nashusha mfumo endeshi wa Linux Mint kwa Chrome, GB 2 zimeingia, mtandao ukakata na Chrome inataka ianze upya. Ndo basi?

Jibu: Swali zuri sana hili, na wengi hawalijui jibu lake. Usibonyeze Cancel, Chrome italifuta faili. Kwanza nakili lile lenye mwisho wa .crdownload kwenye folda nyingine, ulibadilishe jina liwe sawasawa na la kwenye torenti, herufi kwa herufi. Chukua torenti rasmi ya toleo hilohilo. Unapoiongeza, elekeza kwenye folda hiyo na uondoe tiki ya Start torrent. Kisha bonyeza kitufe cha kulia, chagua Force recheck. Programu itapiga hesabu ya kila kipande ulichonacho, itakubali vilivyo sahihi, na itashusha vilivyobaki tu. GB zako 2 hazijapotea.

Ujanja huohuo unafaa kwa faili ulilopewa kwenye flashi likawa bovu. Recheck itatafuta kipande kilichoharibika na programu itakishusha upya, labda MB chache tu. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, fanya hivyohivyo.

Swali: Sisi ni maabara ya shule, kompyuta 20 na ruta moja. Tunataka Wikipedia ya Kiswahili ya Kiwix (programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti) kwenye zote. Bando litatosha kweli?

Jibu: Mwalimu, hapa torenti ni yenu kabisa. Kiwix wanatoa faili zao kwa torenti pia. Kwenye Options, sehemu ya BitTorrent, hakikisha Local Peer Discovery imewashwa kwenye kila mashine. Shusha kwanza kwenye moja hadi imalize, uiache wazi na uondoe kile kikomo cha Upload pamoja na ile tiki ya ratio. Zile 19 zikifungua torenti hiyohiyo zitaiona kupitia ruta, na sehemu kubwa ya kazi itaishia humohumo ndani. Ukitaka isitoke hata MB moja nje, wakati wa kugawana chomoa waya wa intaneti kwenye ruta. Hapo tumia kifaili cha .torrent, sio magneti. Zisipoonana, angalia kama ruta imewekwa kutenganisha vifaa, mitandao mingi ya Wi-Fi ya wageni ipo hivyo.

Swali: Tuambie ukweli, torenti ni kosa kisheria au siyo?

Jibu: Njia si kosa, kosa liko kwenye mzigo. Debian, Kiwix, na vitu vingi vya Internet Archive (maktaba ya mtandaoni) vinagawiwa kwa ruhusa. Muvi na albamu za watu bila ruhusa ni jambo jingine: Tanzania kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya kuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Na kumbuka ile hatua ya 2, unaposhusha unasambaza pia. Huwezi kusema "mimi nilitazama tu".

Swali: Nipo Ujerumani kwa masomo, nakaa na dada yangu. Huku watu wanatishana kuhusu barua za mawakili. Ni kweli?

Jibu: Kweli. Wanaziita Abmahnung. Kila aliye kwenye torenti anaona anwani za IP za wenzake, hiyo ni lazima ili mpeane vipande. Wenye haki huajiri watu waingie humo na kuziandika, kisha barua ya madai inakwenda kwa mwenye laini ya intaneti. Hapo ni dada yako, sio wewe. Debian shusha kwa amani, muvi achana nazo.

Swali: Si anawasha VPN tu?

Jibu: VPN, yaani huduma ya kupitisha mtandao wako kwenye seva nyingine, inaficha IP, haibadilishi mzigo kuwa halali. Na kwa walioko Tanzania, Oktoba 2023 TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kuwasilisha taarifa zao. Lisome kabla ya kushauriana kishabiki.

Swali: Heshi zikilingana si ina maana haina virusi?

Jibu: Hapana. Heshi inathibitisha umepata kilekile alichokiweka mwenye torenti. Kama aliweka kirusi, umepata kirusi kamili bila kupungua hata baiti. Muvi yenye mwisho wa .exe sio muvi. Windows huficha miisho ya majina, iambie iionyeshe.

Swali: Kwenye simu je?

Jibu: Android kuna LibreTorrent, ipo F-Droid (ghala la programu za bure za Android). Weka itumie Wi-Fi tu, na kikomo cha kutoa uweke kama kwenye kompyuta. Ukihifadhi kwenye memori kadi au flashi ya FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili), faili moja la kuanzia GB 4 litagoma hata kama nafasi ipo, litakuletea kosa la kuandika. Mfumo endeshi wa Ubuntu wa sasa una zaidi ya hapo. Hamisha vitu vyako, ifomati iwe exFAT, kisha uendelee.