Kabla ya kununua ekzosi, pima springi
Wengi wakitaka kuboresha pikipiki ya spoti huanza na ekzosi, kwa sababu ndiyo inayosikika. Mimi ningeanza na shokomzoba, tena kwa kurekebisha ile iliyopo.

Inua pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie, kisha pima kutoka ekseli hadi alama moja kwenye bodi, juu yake. Ishushe, panda ukiwa na koti, helmeti na buti zako, mwenzako apime tena palepale. Tofauti ikiwa milimita 30 hadi 35, kwa barabarani uko pazuri. Ikizidi, kaza springi kidogo kidogo na upime upya. Ukikaza hadi mwisho na bado inadidimia kupita kipimo hicho, springi hiyo ni laini mno kwa uzito wako. Rudia mbele pia. Kazi hii haikugharimu chochote, na kwenye kona utaihisi mara moja.

Tairi: usivutwe na upana. Rimu ya inchi 5.5 imetengenezewa tairi la upana wa milimita 180. Ukibana la 190 humo, umbo la tairi hubadilika na pikipiki huwa nzito kuilaza kwenye kona. Tairi mpya huteleza, kwa hiyo nenda taratibu kilomita 150 za mwanzo. Upepo pima tairi likiwa baridi.

Ekzosi ije mwisho. Kubadilisha bomba la nyuma pekee hupunguza uzito zaidi ya kuongeza nguvu. Ukibadilisha mfumo mzima, mfumo wa mafuta nao urekebishwe, la sivyo injini itachoma mchanganyiko wenye hewa nyingi na kupata joto kupita kiasi.