Namna ya kusema siasa na ami yako bila ya kukosana naye

Mimi ni mzaliwa wa Bambi, Unguja, na nimeolewa Wete, Pemba. Kwa Mzanzibari sina haja ya kueleza zaidi; kwa mwengine, kwetu ilikuwa ngome ya CCM, na Pemba ngome ya upinzani. Kwetu wakinikasirikia mimi ni mke wa Hizbu (chama cha kabla ya Mapinduzi, jina wanalobandikwa wapinzani), na ukweni wakikasirika mimi ni mtoto wa CCM. Mwaka 2010, tulipoitwa kupiga kura ya maoni juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani CCM na chama cha upinzani CUF waongoze pamoja, nilitamani kwa moyo wote watu wangu wa pande mbili waseme "Ndiyo". Nilianza vibaya. Niliyojifunza namwandikia yeyote mwenye ami, mkwe au jirani ambaye ikitajwa siasa tu huinuka akaenda zake.

Kwanza lisikilize neno lake. Kila mtu analo neno analolirudia akipandwa na hasira, na ndani ya neno hilo ndimo alimoweka anachokiogopa kupotea. La ami yangu ni "Mapinduzi". Yeye ni katika waliopewa eka tatu baada ya 1964. Kabla ya hapo baba yake alilima kwenye shamba la mtu na akifukuzwa hana pa kwenda. Mimi nikamwendea na maneno yangu: haki za binadamu, katiba, waandamanaji wa CUF waliouawa Januari 2001. Yote ni kweli na leo nayasimamia. Lakini ami alichosikia ni kwamba mtoto wa kaka yake amekuja kumwambia maisha yake yote yalikuwa makosa. Akanijibu, "Nenda jikoni kanywe chai."

Mara ya pili nilimkuta nyuma ya nyumba anafua nazi. Nikakaa chini nikawa namkusanyia makumbi, sikutaja kura. Nilimuuliza siku waliyoonyeshwa mipaka ya eka zile ilikuwaje. Akaeleza mpaka jua likageuka: nani alishika kamba, mnazi upi aliupanda mwenyewe wiki ile ile, na baba yake aliyekaa chini akalia mbele ya watu. Nikamwambia kwamba bila ya elimu bure iliyotangazwa mwaka ule ule wa 1964 nisingekuwa mwalimu wa skuli. Nilimaanisha. Kama huwezi kuitaja heri ya mwenzako ukaimaanisha, hujawa tayari kuzungumza naye. Rudi nyumbani ufikiri tena.

Hapo tu ndipo nikasema langu. "Ami, ardhi iligawiwa ili mnyonge asiwe mgeni kwao. Wajukuu zako wa Wete wakija hapa Bambi wanaitwa wageni. Na aliyekaa na Maalim Seif Novemba iliyopita ni mtoto wa Mzee Karume mwenyewe." Huyo ni Rais Amani Karume, mtoto wa rais wa kwanza wa Zanzibar, aliyekutana na kiongozi wa CUF Novemba 2009. Nikaongeza moja tu: "Siku ukiondoka duniani, wajukuu wale wakija kukuzika, utapenda wasimame wapi?"

Hilo la maziko halikuwa mfano wa kubuni. Baada ya uchaguzi wa 1995 tulifika pahala watu hawazikani, hawasalimiani, na duka la jirani linasusiwa kwa sababu ya chama. Ami anaamini, kama ninavyoamini mimi, kwamba maiti wa Kiislamu ni deni la walio hai. Alipiga nazi tano kwenye kifuo bila ya kusema neno. Kisha akasema, "La maziko umesema kweli." Nikaaga. Hapo ndipo wengi tunapoharibu: mtu akikubali shibiri moja, tunamvuta dhiraa, naye anarudi alikotoka.

Kwa mama mkwe wangu wa Wete ilikuwa kinyume kabisa. Nilidhani yeye, aliyepoteza zaidi, angefurahi kusikia neno "amani". Uso ulimbadilika. Kwake neno hilo lilikuwa la wakubwa, waliokuwa wakilisema kila alipotakiwa anyamaze. Neno lake yeye ni "haki". Basi nikaiacha amani, nikamweleza marekebisho ya katiba yaliyokusudiwa yatakavyofanya kazi: chama kitakachoshika nafasi ya pili ndicho kitakachotoa Makamu wa Kwanza wa Rais. "Kwa hivyo mama, kura yako haitakwenda na maji. Itaandikwa katika katiba, si hisani ya mtu." Akaniambia nimweleze tena, pole pole.

Kura ile ile, "Ndiyo" ile ile, na kila mmoja aliifikia kwa njia yake. Tarehe 31 Julai 2010 ilipita kwa asilimia 66.4. Ami hakuniambia alipiga nini, wala sikumuuliza.

Miaka baadaye nilisoma kwamba watafiti Matthew Feinberg na Robb Willer waliona mambo kama haya Marekani. Katika utafiti wao wa 2013, wahafidhina waliozungumziwa mazingira kwa lugha ya usafi na uchafu, badala ya ile ya madhara na huruma, walisogea karibu na waliberali.

Usifanye mazungumzo haya barazani wala kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mbele ya watu, mwanamme wa miaka sabini hawezi kukubali kitu. Analinda uso wake na wa wenzake wa maskani. Mtafute peke yake, mikono yake ikiwa na kazi. Na usimtie hofu ya uongo. Kuna siku nilishawishika kumwambia ami kwamba "Hapana" ikishinda atanyang'anywa eka zake. Ingemfikia haraka, lakini si kweli, nikaimeza. Ukilitumia neno analolipenda kumdanganya, hutalitumia tena.

Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa, yote yalivurugika. Ami alirudi kuwaita watu wa Wete "Hizbu", nami nikamjibu vibaya kwa simu. Miezi miwili hatukusemeshana. Halafu nikapanda gari ya shamba na samaki wawili aina ya changu mkobani, nikamwamkia, nikakaa kwenye makumbi. Siku hiyo hatukutaja siasa, wala mara ya pili. Mara ya tatu yeye ndiye aliyeanza, akiuliza wale wa Wete hawajambo.