Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumpeleka Mtoto kwenye Mbio za Vigari vya Mbao

Majira ya baridi yanapoingia, vikundi vingi vya Cub Scouts, yaani skauti wadogo, nchini Marekani huwagawia watoto boksi dogo lenye kipande cha mbao ya msonobari, misumari minne ya kushikilia magurudumu na magurudumu manne ya plastiki, na mzazi mgeni hulipokea boksi hilo akiamini kuwa ni kazi ya jioni moja. Si kazi ya jioni moja. Mashindano haya, yanayojulikana kwa jina la Pinewood Derby, yalianzishwa mwaka 1953 na Don Murphy huko Manhattan Beach, California, kwa sababu mwanawe alikuwa bado mdogo mno kushiriki mbio za Soap Box Derby, ambazo mtoto hukaa ndani ya gari na kuteremka nalo. Kigari cha mbao hakina injini, betri wala springi. Kinaachiliwa juu ya mteremko, na kwa muda wa sekunde tatu hivi kila kitu kimekwisha. Katika muda mfupi namna hiyo hakuna nafasi ya kufidia uzembe wa matayarisho.

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tulitengeneza magari ya waya na ya maboksi ya maziwa, yenye matairi ya kandambili, na ujuzi huo una thamani yake. Lakini gari lile ulilisukuma kwa mti au kulivuta kwa kamba, na likikwama uliongeza nguvu. Hili ukishaliachia huligusi tena, kwa hiyo usikae na mwanao mezani ukidhani kwamba unayajua yote.

Soma kanuni kabla ya kushika msumeno, na uzisome kanuni za kikundi chako mwenyewe, kwa kuwa vikundi hutofautiana. Zilizoenea zaidi zinasema kwamba uzito usizidi aunsi 5, yaani karibu gramu 142. Urefu usizidi inchi 7. Upana pamoja na magurudumu usizidi inchi 2 na robo tatu. Na nafasi kati ya tumbo la kigari na njia isipungue inchi 3/8, yaani milimita 9 na nusu hivi. Magurudumu na misumari iwe ile ile iliyotoka kwenye boksi. Bandika kanuni hizo ukutani.

Anza wiki tatu kabla, maana rangi inahitaji kukauka na gundi inahitaji kushika. Msumeno wa umeme na drili ni vya mtu mzima mwenye miwani ya kinga. Kuchora umbo, kupiga msasa na kupaka rangi ni kazi za mtoto, hata kama mstari utapinda na rangi itachuruzika. Watoto hawa, wavulana na wasichana, wengi ni wa darasa la tano kushuka chini, na wanajua vizuri sana ni kigari kipi kilitengenezwa na baba peke yake usiku.

Sasa uzito. Mbao tupu ni nyepesi, kwa hiyo utalazimika kuongeza metali ili ukaribie aunsi 5, na inafaa sehemu kubwa ya metali hiyo ikae nyuma, mbele kidogo tu ya magurudumu ya nyuma. Sababu yake ni kwamba mwanzoni mwa mbio kigari kimelala kwenye mteremko, nyuma ikiwa juu kuliko mbele, na uzito ulioko nyuma huwa na umbali mrefu zaidi wa kushuka. Ukiuweka nyuma kupita kiasi, magurudumu ya mbele yatainuka na kigari kitayumba. Metali ya risasi ni rahisi kupatikana, lakini ni sumu, hasa kwa watoto: usiikate wala usiipige tupa mezani wanapokula. Tungsteni ni ghali lakini ni nzito zaidi na salama zaidi, nami ningependa uinunue.

Jambo ninalokusihi zaidi ni tumbo la kigari. Nimemshuhudia mtoto mmoja akiingia ukumbini na kigari cha kijani kibichi kilichong'arishwa vizuri kuliko vingi. Kwenye mizani kilionyesha aunsi 5 kamili, kikapita, kikawekwa kwenye meza ambayo mzazi haruhusiwi kuigusa tena hadi mbio ziishe. Baba yake alikuwa amebandika vipande vya risasi chini, kwenye mkia, nyuma ya magurudumu ya nyuma, na kwa kuwa vilikuwa vyembamba, juu ya meza tambarare hakuna aliyeona tatizo. Lakini katikati ya kila njia ya mbio kuna ukanda ulioinuka ambao magurudumu huupitia kushoto na kulia, na pale mteremko unapokunjika na kuwa tambarare, mkia wa kigari hushuka kuukaribia ukanda huo kwa milimita moja au mbili zaidi ya ulivyopimwa mezani. Milimita hizo ndizo ambazo hazikuwapo. Kigari kilishuka vizuri, kikafika kwenye mkunjo, kikatoa mlio wa kuparuza, kikapungua mwendo na kusimama kabla ya mstari wa mwisho.

Ili kusiwe na upendeleo, kwa kawaida kila kigari hukimbia mara moja katika kila njia. Maana yake ni kwamba mtoto yule alilazimika kukitazama kigari chake kikikwama, kisha kukwama tena, huku baba akiomba aruhusiwe kukirekebisha na waandalizi wakimjibu, kwa haki kabisa, kwamba ukaguzi umefungwa. Baadaye tulikigeuza kigari tukaona mstari mwembamba ulioparuzwa juu ya risasi, uking'aa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo toboa shimo kwa drili au patasi, uuzamishe uzito wote ndani ya mbao, kisha upitishe rula chini kuanzia pua hadi mkia kuhakikisha kwamba hakuna kinachojitokeza, hata tone la gundi. Kama kikundi chako kina siku ya majaribio kwenye njia yenyewe, usiikose kwa sababu yoyote.

Misumari ya boksi huwa na vijino vidogo chini ya kichwa. Viondoe kwa tupa, kisha usugue kwa msasa wa namba 400 na baadaye 600 mpaka ukucha usikwaruze. Tia unga wa grafiti, ule unga mweusi wa kulainisha, kwenye tundu la gurudumu, ukifanyia kazi hiyo nje au juu ya magazeti, na uzungushe gurudumu mara nyingi ili unga uenee. Mafuta ya maji usiyatumie, kwani hukusanya vumbi na vikundi vingi vimeyakataza. Kisha sukuma kigari polepole sakafuni: kikipinda sana upande mmoja, msumari umekaa mshazari. Ukinyoosha, tia gundi kidogo kwenye msumari, mbali na gurudumu.

Mizani ya jikoni si ya kuamini. Ya kikundi ndiyo yenye neno la mwisho, na tofauti ya gramu moja inatosha kukukatalia. Acha uzito mdogo unaoweza kuondolewa, kama skrubu fupi iliyozama ndani ya mbao, na ubebe bisibisi.

Siku yenyewe, fika mapema ukiwa na gundi ya haraka, msasa na grafiti, ndani ya boksi lenye kitambaa ili kigari kisigongwe njiani. Kishikwe kwa mwili, kamwe si kwa magurudumu. Usimruhusu mdogo wake akichezee kwenye gari mnapokwenda, usiwabishanie waandalizi wa kujitolea mbele ya watoto, usimwahidi mtoto kombe, mpatie chakula kabla kwa sababu zamu huchelewa, na umwambie tangu nyumbani kwamba kigari kikishawekwa kwenye meza ya ukaguzi si chako wala chake mpaka mbio ziishe.