Redio koli za kupandia mlima: kuchagua, kupanga masafa na kuongea

Kwenye boksi la redio koli pameandikwa kilomita 10, pengine 16, pengine hata 30. Umbali huo hupatikana kileleni kwa kileleni, pasipo na kitu chochote katikati. Ukiingia na redio hiyohiyo kwenye msitu wa njia ya Machame, Kilimanjaro, mwenzako akapotea hewani baada ya kilomita moja, usiirudishe dukani, maana si mbovu. Mawimbi ya VHF na UHF, makundi mawili yanayotumiwa na redio hizi, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Majani mabichi huyanyonya, na udongo na mwamba huyazuia.

Upeo, yaani umbali ambao mawimbi hufika kabla ardhi iliyopinda haijayakata, unaweza kuukokotoa mwenyewe. Chukua kimo cha antena kutoka ardhini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.1, unapata kilomita. Mtu aliyeshika redio usawa wa mdomo, kama mita 1.5, ana upeo wa kilomita 5. Mwenzake naye ana 5, kwa hiyo kwenye tambarare isiyo na mti wala nyumba wanaweza kusikilizana hadi kilomita 10. Mmoja akipanda jabali, antena ikafika mita 6, sehemu yake inakuwa kilomita 10 peke yake. Sasa linganisha na kuongeza nguvu: kutoka wati 2.5 hadi wati 5 unapata desibeli 3 tu, na upeo wenyewe hausogei hata mita moja. Ndiyo maana fedha inayotumika kutafuta wati nyingi mara nyingi hupotea bure, wakati kupanda hatua ishirini hadi mgongo wa kilima ni bure kabisa.

Mlima nao hukata mawasiliano. Kundi lililoko Shira na kundi lililoko Horombo yana Kibo katikati, na hakuna redio ya mkononi itakayopenya hapo, bei yake iwe laki moja au milioni mbili. Lakini aliye kambi ya Barafu, mita 4,673, akigeukia tambarare ya kusini, hata wati 1 inaweza kufika mbali sana, kwa watu ambao hakukusudia wamsikie.

Kibali kwanza

Hao watu wa mbali ndio sababu ya kibali. Masafa, yaani namba ya megahezi mnayoongelea, hugawiwa, na yale uliyoyakuta yameingizwa na kiwanda kwenye redio mpya huenda hapa ni ya kampuni ya ulinzi, hospitali au bandari. Tanzania unaomba TCRA, Kenya unaomba Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda UCC. Omba masafa ya redio kwa redio, yasiyopitia mtambo wa kurudishia mawimbi, ueleze eneo na idadi ya redio. Ukisafiri na kampuni ya utalii, uliza kama inayo masafa yake, kwani kuongeza redio mbili kwenye kibali kilichopo ni rahisi kuliko kuanza upya. Hifadhini, uliza pia getini kabla ya kuwasha.

Ndugu aliyeko ng'ambo akikuletea zawadi, angalia ni ya soko gani. Za Ulaya zisizohitaji leseni huitwa PMR446: megahezi 446.0 hadi 446.2, chaneli 16, nguvu nusu wati, antena isiyochomoka. Za Marekani huitwa FRS, ziko kwenye megahezi 462 na 467, chaneli 22, nguvu hadi wati 2. Uhuru wa kuzitumia bila leseni ni wa huko zilikotoka. Haupandi ndege pamoja na redio.

Kuchagua

Kwa matembezi ya siku moja ya watu sita, redio mbili zinatosha, moja kwa aliye mbele na moja kwa aliye mwisho. Kwa safari ya kulala milimani yenye wapagazi na mpishi ongeza moja ya kambini, na moja ya akiba iliyozimwa.

VHF, tuseme megahezi 150, hupinda kidogo kwenye mabega ya vilima na huvumilia majani kuliko UHF. Ila kuna tatizo la antena. Wimbi la megahezi 150 lina urefu wa mita 2, na antena inayofaa ni robo yake, sentimita 50. Ile fupi inayokuja na redio ni waya uliosokotwa ndani ya mpira, unaopoteza sehemu kubwa ya nguvu. Kwa megahezi 450 robo ya wimbi ni sentimita 17 hivi, kwa hiyo antena fupi hufanya kazi yake vizuri. Kama hamtabadili antena, UHF si chaguo baya hata msituni. Kama kibali chenu ni cha VHF, nunueni antena ndefu ya sentimita 38 hadi 40. Hakuna kifaa kingine cha bei hiyo kitakachowasaidia zaidi. Angalia kiungio chake: kwenye redio nyingi za kampuni ya Baofeng sindano iko kwenye redio na tundu liko kwenye antena, kinyume cha ilivyo kwenye redio za kampuni nyingine. Na usibonyeze kitufe cha kuongea antena ikiwa haijafungwa, kwa sababu nguvu ikikosa pa kutokea hurudi ndani na kuunguza transista ya mwisho.

Redio yenye skrini na vitufe, kama UV-5R ya Baofeng, inafaa kwa kiongozi anayeijua. Mikononi mwa mtu asiyeizoea hubadilika masafa ikiwa mfukoni tu, kisha anatembea saa nzima akidhani wenzake wamenyamaza. Funga vitufe kwa kushikilia alama ya # kwa sekunde mbili. Kwa wengine, redio ya aina ya BF-888S, yenye vifundo viwili tu juu, sauti na chaneli 16, huleta ugomvi mdogo. Kuhusu maji, redio yenye alama ya IP54 huvumilia mvua ya kurushiwa. IP67 huvumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Redio isiyo na alama yoyote ifungie kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, na uongee humohumo, sauti inapita.

Kupanga masafa

Redio mbili zikitofautiana kwa jambo moja dogo hazitasikilizana vizuri, kwa hiyo andika kwanza kwenye karatasi: masafa, upana wa chaneli, toni (mlio wa chini unaotumwa pamoja na sauti ili kufungua spika ya mwenzako) na nguvu. Kisha ingiza vilevile kwenye kila redio. Kwa UV-5R fuata hivi.

1. Bonyeza kitufe cha VFO/MR hadi uone masafa bila namba ya chaneli pembeni, kisha andika masafa ya kibali.
2. MENU 5: chagua NARR (chaneli nyembamba, WIDE ni pana) kama kibali chako ni cha kilohezi 12.5. Mmoja akiwa WIDE na mwingine NARR, sauti ya mmoja itakuwa hafifu na ya mwingine itakwaruza.
3. MENU 13: toni ya kutuma. MENU 11: toni ya kupokea. Weka ileile pande zote mbili, mfano 88.5.
4. MENU 7 (kusikiliza chaneli mbili) na MENU 4 (kuongea bila kubonyeza): zima zote.
5. MENU 9: ukomo wa kuongea, sekunde 60.
6. MENU 27: hifadhi kwenye chaneli, kisha rudi hali ya chaneli kwa VFO/MR.

Hatua ya nne ndiyo wengi huiruka. Kusikiliza chaneli mbili kukiwa kumewashwa, mtu anaitwa kwenye mstari wa chini wa skrini, anajibu, na jibu linatoka kwenye mstari wa juu ambako hakuna mtu. Kuongea bila kubonyeza ni balaa zaidi, kwani upepo wa mgongoni mwa mlima hufungua maikrofoni na redio moja huziba chaneli ya kundi zima. Ukomo wa sekunde 60 ni kinga ya aina hiyohiyo, dhidi ya kitufe kilichokandamizwa na kamba ya begi.

Toni haifichi mazungumzo, ingawa matangazo huiita msimbo wa siri. Kazi yake ni kufunga spika isifunguke kwa wengine walio kwenye masafa hayo. Wao wakizima toni yao, wanakusikia kama kawaida. Ndiyo pia chanzo kikubwa cha lawama za "redio yangu haishiki". Dalili yake ni rahisi: mwenzako akiongea taa yako inawaka kijani lakini spika kimya. Maana yake mawimbi yamefika, ila toni hazifanani. Bonyeza kitufe cha MONI ubavuni, sauti itatoka, kisha rekebisha MENU 11. Taa isipowaka kabisa, basi ni masafa, umbali au betri.

Redio zikizidi nne, tumia kompyuta. Programu ya CHIRP ni ya bure. Ingiza kwenye redio plagi ya kebo ya kuiunganisha na kompyuta hadi ikae kabisa, ongeza sauti ya redio, soma kilichomo kwanza na uhifadhi faili hilo kabla ya kubadili chochote. Ikikataa kusoma, shuku kebo kabla ya redio. Nyingi za bei rahisi zina chipu bandia ambayo Windows huikataa.

Kuongea

Shika redio wima, antena ikitazama juu, kichwa cha redio kikiwa juu ya bega. Ikining'inia kiunoni, mwili wako uliojaa maji hula mawimbi. Bonyeza, hesabu sekunde moja, ndipo uongee, la sivyo neno la kwanza litakatwa, na mara nyingi neno hilo ndilo jina la anayeitwa. Mdomo uwe sentimita 5 kutoka maikrofoni, sauti ya kawaida. Kupiga kelele huharibu maneno.

Taja unayemwita, kisha wewe. Majina ya nafasi yanafaa kuliko ya watu: Mbele, Kati, Mwisho, Kambi. "Kambi, Kambi, hapa Mwisho. Unanipata?" "Mwisho, hapa Kambi. Nakupata vizuri, endelea." Malizia kwa "ova", na ujumbe mmoja usizidi sekunde 15.

Namba ndizo huleta hatari. Katikati ya mkwaruzo sita na tisa hazitofautiani, wala nne na nane. Taja namba na jirani yake: "sita, baada ya tano", "tisa, kabla ya kumi". Anayepokea airudie. Saa nazo, hasa kundi likiwa na wageni: "saa mbili" ya mpishi ni asubuhi na ya mgeni ni mchana. Kubalianeni getini kwamba kwenye redio itatajwa saa ya Kiswahili pamoja na wakati wa siku, au saa ya Kizungu kwa wote.

Usipojibiwa, sogea kabla ya kuita tena. Kwenye UHF, mawimbi yaliyogonga mwamba na yaliyokuja moja kwa moja yanaweza kufutana pale ulipo, na nusu mita pembeni yakasikika. Ikishindikana, panda. Ikishindikana tena, mwombe aliye kwenye mgongo wa kilima apokee na kupitisha maneno yako kama yalivyo, bila kuyafupisha.

Kwa dharura sema "dharura" mara tatu, wengine wote wanyamaze. Taja mahali, idadi ya waathirika, hali yao, unachohitaji. "Mtu mmoja, juu ya Barafu, anayumba akitembea, tunashuka naye sasa, tunaomba watu wawili na machela" inatosha. Anayeyumba kwa sababu ya kimo hasubiri ruhusa ya redio. Kushuka kuanze huku mnaita.

Betri na baridi

Kutuma kwa wati 5 hula karibu ampea moja na nusu. Betri ya 1,800 mAh ikitumiwa hivyo kwa dakika kumi hupoteza sehemu ya saba ya chaji yake. Kusikiliza tu hula kidogo sana. Kwa hiyo anza na nguvu ndogo, upandishe pale mawasiliano yanapokataa. Safari ikiwa ya siku nyingi, wekeni ratiba: redio zote zinawashwa kila saa kamili kwa dakika tano, isipokuwa ya Mbele na ya Mwisho zinazobaki wazi wakati wa kutembea.

Usiku wa kwenda kileleni, baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri huifanya betri ya lithiamu ionekane imekwisha wakati bado ina chaji. Ibebe ndani ya koti karibu na kifua, na ya akiba ilale nawe kwenye mfuko wa kulalia. Usiichaji ikiwa bado ya baridi, kwani kuchaji chini ya sifuri huiharibu moja kwa moja. Kuhusu pawabenki, kitako cha kawaida cha kuchajia UV-5R kinataka volti 10 wakati USB hutoa 5, hivyo nunua kebo ya USB yenye kipandisha volti, la sivyo hakuna kitakachoingia.

Jaribuni zote getini: kila redio na kila nyingine, watu wakiwa mita 200 mbali, si wakiwa bega kwa bega, maana zikikaribiana sana hukoroma hata zilizopangwa sawasawa. Bandikeni namba na chaneli kwa utepe mgongoni. Mkirudi, chomoeni betri, kausheni viungio, na kama hazitatumika kwa mwezi, ziwekwe na chaji ya nusu, mahali pasipo na jua.