Usiuamini Mzani Peke Yake: Kupima Lishe na Ukuaji wa Mtoto Mchanga Mwenye Ugonjwa wa Ini

Mzani wa kliniki unaweza kumhadaa hata muuguzi mzoefu anapoletewa mtoto mwenye ugonjwa sugu wa ini, kama yule ambaye mirija yake ya nyongo imeziba tangu uchanga. Ini na bandama vikivimba na maji yakijaa tumboni, uzito hupanda au hubaki palepale ilhali misuli na mafuta ya mwili yanapungua. Mama hupongezwa kwa mstari mzuri kwenye kadi, na mtoto hurudi nyumbani mikono ikiwa imekonda.

Kwa hiyo anza na mkono. Kunja mkono wa kushoto, tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, tia alama, kisha uache mkono uning'inie na uuzungushie utepe bila kuubana wala kuulegeza. Kuanzia miezi 6 hadi 59, mzingo ulio chini ya milimita 115 ni dalili ya utapiamlo mkali. Lakini kwa mtoto huyu usisubiri utepe uonyeshe rangi nyekundu, yaani ya hatari, kwani mzingo unaoshuka kutoka hudhurio moja hadi jingine unatosha kukutia wasiwasi. Palipo na kalipa, kifaa cha kubana na kupima unene wa mkunjo wa ngozi, pima pia mkunjo wa ngozi ya nyuma ya mkono mara tatu na utoe wastani, ikiwezekana mpimaji awe yuleyule, maana mafuta ya hapo aghalabu hupungua kabla uzito na urefu havijaonyesha tatizo.

Urefu hupimwa mtoto akiwa amelala chali juu ya ubao, na kazi hiyo inahitaji watu wawili: mmoja ashike kichwa, mwingine anyooshe magoti. Urefu uliodumaa huashiria upungufu wa muda mrefu. Uzito nao upimwe, mtoto akiwa uchi, ila pembeni yake uandike kama tumbo limejaa maji. Uzito ukiruka ghafla ndani ya siku chache, shuku maji kwanza. Vipimo hivi, pamoja na mzingo wa kichwa, vilinganishwe na viwango vya ukuaji wa watoto vya Shirika la Afya Duniani.

Maabara nayo ina mitego yake. Albumini, protini ya damu, hutengenezwa na ini lenyewe, hivyo kushuka kwake si ushahidi wa njaa. Nyongo isipofika utumbuni, mafuta hayasharabiwi vizuri, na vitamini A, D, E na K hupotea pamoja nayo. Vitamini E inaweza kuonekana ya kutosha kwa sababu tu mafuta ya damu yamepanda. Ilinganishwe na jumla ya mafuta hayo. Damu inayochelewa kuganda ikirekebika baada ya sindano ya vitamini K, ilikosekana vitamini. Isiporekebika, ini ndilo linaloshindwa.

Muulize mama mtoto ananyonya kiasi gani, anatapika au anachoka upesi, na choo kina rangi gani. Anayeonekana kula vya kutosha huenda bado anahitaji nishati zaidi ya wenzake, hata asilimia 120 hadi 150 ya kawaida.

Mtoto mchanga mwenye umanjano wa macho au ngozi uliopita siku 14 na choo cheupe kama udongo wa mfinyanzi asiwekwe kwenye foleni ya vipimo hivi. Apewe rufaa siku hiyohiyo, kwa kuwa upasuaji wa Kasai, unaounganisha utumbo na ini ili nyongo ipite, hufanikiwa zaidi ukifanywa kabla ya siku 60 za umri.